Mtani Wangu Haamini Kwamba Jiwe Lake Ni Tupu

(Jina la aliyetuletea haya tunalijua sisi peke yetu. Wasomaji, msikilizeni kwanza, kisha mjibuni kupitia ukurasa huu.)

Mimi ni mwanamume wa Buha, kibarua hapa Mpanda kwenye mgodi wa madini ya risasi. Umri wangu ni kama miaka ishirini na sita, maana mama anasema nilizaliwa nzige walipomaliza mashamba yetu. Shule niliishia darasa la tatu. Mke wangu na watoto wako nyumbani, wanaishi kwa mkono wangu huu wa kulia, na mkono wenyewe ndio unaokufa.

Kazi yangu ni kutwanga mawe katika maabara. Maabara hii si ya mgodi peke yake. Ina mashine moja inayounguza unga wa jiwe, na mwanga wake ukipigwa picha, mabwana husoma ndani kuna madini gani. Mashine nyingine kama hiyo haipo karibu, kwa hiyo wote huitumia kwa zamu: mgodi, serikali, wanafunzi wa chuo kikuu kutoka ng'ambo, hata mwananchi aliyeokota jiwe shambani kwake. Lakini kinu cha chuma ni kimoja. Nikimaliza jiwe la mtu, sharti nitwange changarawe nyeupe mpaka unga utoke mweupe kama wa muhogo, ndipo niweke jiwe la mwingine.

Tangu mvua zilizopita kiganja changu kinaning'inia. Nikiinua mkono, chenyewe kinabaki chini kama jani lililonyauka. Tumbo nalo linanikata. Mwenzangu aliyekuwa kwenye kinu kabla yangu alipatwa hivyo hivyo. Msimamizi alisema ni pombe, akampandisha treni arudi kwao na blanketi lake. Kwa hiyo mimi nauficha mkono, natwanga kwa kushoto.

Sasa niwaeleze habari za Masanja. Ni Mnyamwezi anayekaa Misunkumilo hapa karibu, mtani wangu. Nilipofika hapa sina mtu, yeye ndiye aliyenipa pa kulala, na mkewe akanipikia. Tunatukanana tangu asubuhi, yeye ananiita manamba, mimi namwita mpagazi. Siku moja akaleta jiwe lake, jekundu kama tofali, nikalitwanga baada ya mawe ya mgodi. Picha ikaonyesha risasi. Bwana wa maabara akamwambia, "Ipo kidogo. Usichimbe kwanza, lete mawe mengine." Masanja alisikia "ipo" tu. Alitoka pale akirukaruka.

Nikarudi kusafisha kinu. Changarawe zikatoa unga wa kijivu, kijivu kile kile cha mawe ya mgodi, umeganda chini kabisa. Mkono wangu wa kushoto haukuwa umekisafisha. Risasi ile haikuwa ya Masanja.

Nilimfuata kwake siku ile ile. "Masanja, jiwe lako halina kitu. Risasi ile ilikuwa kwenye kinu. Sikukisafisha vizuri."

Alicheka akashika mbavu. "Mama Kabula, njoo umsikie manamba! Ameona nakuwa tajiri, wivu umempanda kichwani."

"Sitanii, ndugu yangu."

"Nyie Waha lini mmesema mnatania? Si juzi uliniambia fahali wangu amekufa, nikakimbia zizini bila viatu?"

Ni kweli, nilimwambia hivyo. Nikaona nimwonyeshe mkono. Masanja akauangalia, naye akalegeza wake ukaning'inia, akaanza kucheza ngoma mbele ya watoto. "Na mimi wangu huu! Nizikeni!" Watoto walicheka mpaka wakaanguka.

Mkewe, Mama Kabula, hakucheka. Alinisindikiza nje. "Shemeji, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mwambie yule mzungu wa maabara amwambie. Mimi nikisema, ataniambia nimetumwa na wewe."

Hivi ninavyoandika, Masanja amelifukua shamba ambalo mkewe alilitayarisha kwa mahindi. Shimo limempita kichwa, kuta hazina hata gogo la kuzishikilia, na mawingu ya mvua yameanza. Ng'ombe anataka kuwapeleka mnadani apate kuajiri vibarua. Ningetwanga kipande kingine cha jiwe lake, lakini zamu ya mashine huombwa na mwenye jiwe, naye anasema jibu ameshapata. Nikimwendea bwana, ataniuliza kwa nini kinu kilikuwa kichafu, na itabidi nionyeshe mkono. Nitapandishwa treni. Watoto wangu watakula nini? Nyumbani nitashika jembe kwa mkono gani?

Jana nilipita pale. Alikuwa chini shimoni, udongo ukimdondokea mabegani. Aliponiona akapaza sauti, "Muha, njoo ulie vizuri, tajiri yuko huku!"

Wasomaji, mnajua mila zetu. Shimo lile likimfukia, mimi mtani wake ndiye nitakayetakiwa kuingia kaburini kabla yake, nilale humo, nigome kutoka, niwachekeshe waliofiwa. Watu watanisubiri nianze. Mama Kabula naye atakuwa amesimama pale ananitazama.

Utani huo sitauweza. Nishaurini, nifanye nini?