Hita ya Yumma na Swali la Alfajiri

Nyumba ile ya Umm Salal, nje kidogo ya Doha, ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu, na bado sisi wawili tulilazwa juu ya paa, kando ya matangi ya maji. Watu huku nyumbani hucheka nikiwaambia Doha kuna baridi. Wao wanajua jua tu, na mimi sijisumbui kubishana. Lakini Januari upepo ukitoka kaskazini, ukipita jangwa zima bila kizuizi, unaingia chini ya mlango wa bati kama una funguo zake. Mimi ni mtu wa Kinangop, nimezaliwa kwa baridi, na nilikuwa nikilala na soksi, sweta na kilemba.

Mwenzangu alikuwa Mganda wa upande wa Masaka. Yeye alipika na kufua. Mimi kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza mama yake Madam, mwajiri wetu, kikongwe wa kiti cha magurudumu ambaye nyumba yote ilimwita Yumma. Mwenzangu alikuwa na adabu ya kuudhi. Akimpa mtu kikombe cha maji alipiga magoti, hata kama ni mtoto wa Madam wa darasa la tatu. Mara nyingi nilimwambia aache. Aliniambia sisi Wakenya hatukulelewa, tulifugwa.

Majira hayo Yumma alilalamika baridi kuliko sisi sote. Hita yake ya umeme ilikuwa imeungua, na hakutaka nyingine kama hiyo. Alitaka moto unaoonekana, kama wa ujana wake. Kwa hiyo Madam na mumewe wakaamua kununua hita ya gesi, ile kama kabati dogo, mtungi unakaa mgongoni. Tulienda Al Sadd kuichagua, mimi nikisukuma kiti. Ilikuwa miaka ile waliyokuwa wakichimba reli ya chini ya ardhi, na mtaa mzima ulizungukwa na mabati, kiti kikakwama kila hatua huku Madam akinitazama kana kwamba mashimo ni yangu.

Dukani mumewe alizipenda zenye nakshi ya dhahabu. Yumma alinyoosha mikono kwa kila iliyowashwa, akafumba macho, akasema zote ni nzuri. Madam ndiye aliyekuwa na maswali. Muuzaji akamwambia hita yoyote ya gesi ni salama, mradi dirisha liachwe wazi kidogo, upana wa kidole.

"Mama yangu hakubali dirisha wazi," Madam akasema. "Upepo unamuingia kwenye mifupa."

Muuzaji akainua mabega. Akasema basi wachukue, wajaribu, ikiwasumbua wairudishe, atawabadilishia.

Ndani ya gari Madam alimsimulia mumewe habari ya mlinzi wa shamba la binamu yake, aliyelala ndani ya hema na moto wake na asiamke tena. Alisimulia kwa masikitiko ya kweli. Ilibidi hema lichomwe, alisema, na lilikuwa hema zuri.

Jioni hiyo dereva akaipandisha hita mpaka chumbani kwetu, juu ya paa.

Mwenzangu aliangua kicheko cha furaha. Alishika mkono wa Madam kwa mikono yake miwili, akapiga magoti palepale kwenye saruji. Madam akatuonyesha jinsi ya kuwasha, akasema kwa lugha yetu ya nyumba ile, Kiarabu kilichovunjwavunjwa na Kiingereza, kwamba dirisha lifungwe kabisa, kama chumbani kwa Yumma. Akashuka.

Na alfajiri akaja kugonga mlango. Katika muda wote niliokaa kwake, Madam hakuwahi kugonga mlango wetu. Alikuwa akipiga simu, au akipiga kelele kutoka kwenye ngazi. Sasa aligonga taratibu kwa kidole, akasubiri.

"Nimti zein?" aliuliza. Mmelala vizuri?

Mwenzangu machozi yalimlengalenga. "Banange, dada," akaniambia, "tangu nitue nchi hii hakuna mtu ameniuliza nimelalaje."

Mimi sikulia. Kwetu Kinangop hakuna mtoto asiyejua habari ya jiko la makaa. Unaota moto, unapikia, lakini kabla ya kulala jiko linatolewa nje, hata mvua ikinyesha. Jirani zetu walilisahau ndani wakati mmoja, na asubuhi yake nyumba nzima ilinyamaza, baba, mama na watoto, wamelala tu, hata blanketi hazijavurugika. Hewa ile haina harufu. Kwa hiyo Madam alipouliza swali la pili, nilijua yuko wapi na sisi tuko wapi.

"Raas?" aliuliza, akigusa kichwa chake. Kichwa je?

Nilimjibu ukweli. Nikasema hita inanuka gesi, na kichwa kinanigonga. Hakukasirika. Alisema shukran, hata akatuletea tende. Siku hiyohiyo ile hita ikarudi Al Sadd, ikaja nyingine, ndefu, nyeusi, ya nakshi ya dhahabu aliyoitaka mumewe. Hiyo haikunuka hata kidogo, na ndiyo sababu niliiogopa zaidi.

"Sikia," nikamwambia mwenzangu. "Huyu mama hatupi joto. Anatuonjesha. Sisi ndio tunaonja, tukiamka wazima, Yumma analetewa."

"Wewe roho yako ni mbaya," akanijibu. "Mtu anakupa kitu, wewe unauliza kwa nini."

"Nauliza kwa sababu nataka kurudi kwetu nikitembea."

Basi tukawa na vita vya dirisha. Madam akishuka, mimi nafungua upana wa kidole kama alivyosema muuzaji. Mwenzangu anainuka, analifunga, anapachika na blanketi. Alisema Madam ameagiza lifungwe, na ukipewa maagizo unafuata. Nililifungua tena. Alilifunga tena. Nilimwita mjinga, na zaidi ya mjinga, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu alikuwa akilala vizuri na mimi silali, nikikesha kumsikiliza kama anapumua. Kila alfajiri kidole kiligonga, swali likaulizwa, naye alijibu kwa sauti tamu, "Zein, Madam, alhamdulillah." Vizuri, Madam, tunashukuru.

Kisha Yumma akashikwa na kikohozi, nikaambiwa nilale chini, kando ya kitanda chake, nimsugue miguu. Kabla sijashuka nilifungua dirisha letu, nikamtisha mwenzangu kwamba akilifunga nitakivunja kioo. Akacheka. "Nenda, nyabo," akasema. "Nenda ukalale kwa zulia."

Asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha maziwa ya Yumma. Madam akaingia akitokea juu, uso umemng'aa, nguo ya sala bado iko mwilini.

"Dada yako amesema zein," aliniambia. "Kichwa zein, kila kitu zein. Tumepata. Hii ndiyo hita ya Yumma."

Akamwita dereva aende kuiteremsha. Nilizima maziwa nikapanda naye.

Chumba kilikuwa na joto la mchana wa Agosti. Dirisha limefungwa, blanketi limepachikwa pande zote kwa ufundi mkubwa. Mwenzangu alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, beseni la kufulia liko mapajani mwake na alikuwa ametapika ndani. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Nilifunga mtungi, nikamshika makwapani nikamburuta mpaka nje penye matangi, upepo ukampiga usoni.

"Umemwambia Madam uko zein?" nikamuuliza.

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama kizito.

"Kwa nini? Unakufa, na unasema uko zein?"

"Ameniuliza nimelalaje," akasema. Alishangaa kweli kweli kwamba nauliza. "Ameniuliza asubuhi, dada. Ningemjibu nini?"

Nilitaka kumpiga. Naapa, nilitaka kumzaba kofi pale pale alipokaa. Na papo hapo nilijua anachosema, kwa sababu hata mama yangu akiwa kitandani, malaria imempanda, ukimuuliza ameamkaje anasema salama, ndipo baadaye, ukishakaa, ukishapewa chai, anakuambia kwamba usiku alidhani anakufa. Kwanza ni salama. Mabaya yanafuata kwa zamu yake. Madam hakuwa amekaa kusubiri zamu hiyo. Alisikia salama akashuka ngazi.

Nilipogeuka, dereva alikuwa ameshaondoka na hita. Mwanaume yule alipita kando ya mgonjwa, mzigo begani, kwa sababu aliambiwa alete hita, hakuambiwa kitu kingine.

Nilishuka mbio. Hita ilikuwa imeshasimamishwa miguuni pa Yumma, mtungi umefunguliwa, moto unacheza, na kikongwe amenyoosha viganja vyake, anatabasamu. Dirisha limefungwa. Madam anapanga mapazia.

"Madam, izime," nikasema. "Mwenzangu anaumwa. Ametapika. Hii hita ni mbaya."

Madam akanitazama. Akasema nimekuwa na neno juu ya kila hita. Akasema mwenzangu amemwambia kwa mdomo wake. Akamwita kwa simu, na yule mtu niliyemwacha amelala kwenye saruji akasikia simu ya Madam akainuka. Tulimsikia akiteremka ngazi akishikilia ukuta. Akasimama mlangoni, ameshafunga kilemba vizuri.

"Nimti zein?" Madam akamuuliza.

"Sema ukweli!" nikampigia kelele kwa Kiswahili. "Mwambie, wewe mwanamke! Mwambie unaumwa!"

Aliniangalia kwa aibu, kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu mbele ya wakubwa. Akamgeukia Madam, akapiga goti lake.

"Zein, Madam," akasema. "Alhamdulillah."

Akatapika juu ya zulia la Yumma.

Sijawahi kumuona Madam akikimbia isipokuwa siku ile. Aliruka matapishi, akashika kiti cha mama yake, akakisukuma nje mpaka uani akilia, akimbusu kichwa, akimuuliza kama anaona vizuri, kama anasikia. Yumma aliuliza kwa nini ametolewa kwenye joto. Mimi nilizima ile hita, nikafungua madirisha yote, nikamketisha mwenzangu kwenye ngazi. Hakuna aliyemuuliza yeye kama anaona vizuri.

Madam alirudi ameshajifuta machozi. Alisimama mbele ya mwenzangu akamwita kaddaba. Mwongo.

"Umetaka kumuua mama yangu," akamwambia.

Nilijaribu. Nilikusanya Kiarabu changu chote na Kiingereza changu chote, nikamwambia Madam, kwetu mtu akiulizwa amelalaje husema vizuri, hata kama hakulala, hata kama anaumwa. Si uongo, ni heshima. Mtu aliyelelewa vizuri hamwangushii mwenzake matatizo kabla jua halijatoka.

Madam alinisikiliza mpaka mwisho. Lazima niseme hilo, alinisikiliza.

"Lakini mimi sikumuuliza kwa heshima," akasema. "Nilimuuliza kuhusu hita."

Alimpa kidonge cha kichwa na maji. Hakumpeleka hospitali. Alisema hewa safi inatosha, na kwa bahati ikatosha, ingawa mwenzangu alikaa siku ile nzima akishika kuta, akisahau alichofuata jikoni. Mumewe Madam alimpigia muuzaji wa Al Sadd, na muuzaji akasema tatizo si hita, tatizo ni dirisha. Walizungumza kwa muda mrefu juu ya hilo dirisha. Sikusikia mtu akitaja nani aliagiza lifungwe.

Asubuhi iliyofuata mwenzangu alirudishwa maktabu, kwa wakala aliyemleta, kwa kosa la uongo. Nyumba yenye mgonjwa haiwezi kukaa na mtu mwongo, Madam alieleza, na alisema hivyo kwa upole, kama anayenifundisha. Nilimsaidia kubeba begi mpaka getini. Alikuwa amevaa sweta langu, nilimwachia. Hakulia. Mimi nililia, kwa hasira, nikimtukana bado, nikimwambia huko anakokwenda ajifunze kusema ninaumwa, ni neno jepesi tu, aseme nilisikie. Hakulisema.

Madam akatoka na funguo za gari. Nadhani ni mazoea tu ya siku zile, kwa sababu alikuwa akitafuta miwani yake ya jua ndani ya mkoba na hata hakutuangalia.

"Nimti zein?" akasema.

"Zein, Madam," mwenzangu akajibu, akapiga goti kwenye mchanga. "Alhamdulillah."

Wakaingia garini.

Jioni hita ya tatu ikapandishwa. Ilikuwa fupi, nyeupe, haina nakshi. Dereva aliiweka pale kilipokuwa kitanda cha mwenzangu, na Madam akasimama mlangoni akaniambia kwamba sasa ananitegemea mimi peke yangu, kwa sababu mimi ni mkweli. Akaangalia dirisha. Nikalifunga akiona, na aliposhuka nikalifungua, si upana wa kidole, nikalifungua lote, nikakaa kitandani na blanketi zetu zote mbili na upepo wa jangwa zima ukipita katikati yangu na ule moto.

Alfajiri akagonga.

"Nimti zein?"

"La, Madam," nikamwambia. "Sikulala. Nimeona baridi, nimelia, na ninataka kwenda kwetu."



"Raas?" akauliza.

"Kichwa hakiumi."

"Zein," akasema Madam, na nikasikia ndara zake zikishuka ngazi, akimwita dereva aje aipeleke kwa Yumma.