Mama Biti na toazi asilolisikia

Saa tatu na robo asubuhi, mwanamke mwenye miwani iliyoteremkia puani anafunga mlango wa chumba kilicho nyuma ya duka la fotokopi. Kuta zimefunikwa kwa vipande vya sponji ya magodoro. Mezani kuna kompyuta, kinanda kifupi na spika mbili. Mteja wake, dereva wa lori anayerekodi wimbo wake wa kwanza, anavuta kiti na kukaa kando yake.

"Kabla hatujaanza, nikwambie ukweli," mwanamke anasema. "Sauti nyembamba za juu sizisikii. Ukiona kitu kinakukera, sema. Usinionee haya."

Dereva anacheka. "Mimi mwenyewe honi imenimalizia sikio la kulia, dada. Basi tutumie langu la kushoto."

Wateja humwita Mama Biti. Ana umri wa miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo, kwa kompyuta. Alisifika hasa kwa raidi, lile toazi pana ambalo mpiga ngoma hulichapa kwa kijiti mfululizo, tii-ti-ti, tii-ti-ti, ili wimbo usonge mbele.

Kwenye kompyuta, raidi hupangwa pigo moja moja, katika visanduku vidogo kwenye kioo. Ukiyaacha mapigo yote yalingane, anasema, wimbo unakuwa kama bomba linalodondosha maji.

"Pigo la kwanza nalipa nguvu tisini, la pili sitini, la tatu sabini na tano. La nne nalichelewesha kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Mkono wa binadamu haupigi sawasawa."

Siku hizi anayafanya hayo kwa macho, akifuata mistari ya kijani inayopanda na kushuka kwenye kioo. "Nakumbuka inavyolia," anasema. "Kuisikia, ndiyo siisikii."

Linalomuuma zaidi si masikio. Ni mdogo wake wa kike, mshonaji wa nguo, ambaye tangu utotoni aliimba akiosha vyombo mpaka majirani wakapunguza redio zao. Kwa miaka mingi Mama Biti alimbembeleza arekodi. Mwaka juzi, akiwa na miaka thelathini na minane, mdogo mtu akakubali.

Siku ya pili ya kazi, alivua hedifoni akauliza, "Dada, hiyo raidi haijazidi? Inanichoma."

"Nikamjibu vibaya," Mama Biti anakumbuka. "Nikamwambia, 'Kati yangu na wewe, nani fundi? Wewe kaimbe.' Akaenda kuimba."

Kumbe kwa miezi mingi Mama Biti alikuwa akiipandisha raidi bila kujua. "Naiona inafifia, naiongeza. Inafifia tena, naiongeza tena. Nikadhani spika zimechakaa."

Wimbo ulipigwa redioni alasiri moja. Mdogo wake alikuwa amewakusanya washonaji wenzake, mashine zote zimezimwa. Kabla ya ubeti wa pili, mtangazaji aliushusha huku akicheka: "Jamani, mama ana sauti tamu, lakini nani kamwaga misumari kwenye sinia?"

Washonaji nao wakacheka. Yeye alizima redio, akarudi kwenye mashine yake. Hajaimba tena.

"Hakunipigia simu hata kunilaumu," Mama Biti anasema. "Angenitukana, ningejua pa kuanzia."

Kwanza alimlaumu mtangazaji. Kisha akampigia mteja mmoja wimbo ule, naye akaziba masikio. Ndipo akaenda kwa daktari wa masikio, ambaye alimwonyesha karatasi ya kipimo chake yenye mstari uliokwenda sawa, halafu ukaporomoka ghafla. Kwa miaka alikuwa akikaa muda wa saa kumi kila siku ndani ya hedifoni, sauti hadi mwisho. Mlio masikioni alikuwa nao kwa miaka sita, akidhani ni uchovu.

"Daktari akaniambia, 'Mama, kilichopotea hakirudi. Tulinde kilichobaki.'"

Aliificha karatasi ile miezi minane. Muda wote huo mdogo wake aliwaambia watu kwamba sauti yake haifai. Mama Biti aliyasikia hayo, akakaa kimya.

Alipomwambia hatimaye, mdogo wake alikuwa akipinda pindo la sketi. Hakuinua kichwa. "Miezi minane yote ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nikasema ndiyo."

Tangu alipoanza kuwaeleza wateja ukweli, kati ya kumi na mmoja wa kudumu wamebaki wanne. Hawalaumu waliokwenda.

Sauti ya mdogo wake bado imo ndani ya kompyuta, safi kama siku ile. Mama Biti ameiondoa raidi yote katika wimbo ule. Anataka kuipanga upya, pigo kwa pigo, mdogo wake akiwa amekaa kando yake akimwambia panda au shuka.

Ameomba mara tatu. Wiki iliyopita ndipo alipojibiwa kwa simu: "Nitakuja Jumamosi kusikiliza tu. Mambo ya kuimba usinitajie." Saa hakutaja.

Mama Biti amewaahirishia wateja wake wote wa siku hiyo.

"Aje saa mbili, aje saa kumi," anasema, "atanikuta."