Kibuyu Nilichokiacha Ngazija

Niliondoka Ugogo kwa sababu ya jiwe. Wakati wa Mjerumani nilikuwa karani kijana pale Dodoma. Mzungu mmoja, mpimaji wa mawe, alitaka watu wawili wa kufuatana naye hadi kisiwa cha Ngazija, kwenye mlima unaotapika moto. Baba, aliyekuwa akichunga upande wa Makole, hakuamini.

"Mawe hayaungui," alisema. "Nenda, uniletee moja nilione."

Mwenzangu alikuwa Bakari wa Kondoa, mpishi wa yule mzungu na mtani wangu. Tulishuka pwani kwa gari moshi, kisha tukapanda meli. Nilipokumbatia nguzo kwa hofu ya mawimbi, Bakari alicheka mpaka machozi. "Mgogo, hapa hakuna mkia wa ng'ombe wa kushika!"

Siku ya tatu Ngazija, mzungu alitutuma tukusanye mawe kwenye njia ya pwani hadi kijiji cha pili, mwendo wa asubuhi moja. Bibi aliyetupa malazi alitufuata mlangoni na kibuyu cha maji.

"Wanangu, njiani hakuna kisima. Chukueni."

"Bibi, Mgogo habebi maji," nilimjibu. "Kwetu makorongo ni mchanga mtupu. Tunachimba tu, maji yanakuja."

"Nikifa," Bakari alimwambia, "mjulishe mama yangu nimeuawa na Mgogo."

Nilikiweka kibuyu chini, hapo hapo mlangoni, tukaondoka.

Saa nne tulikuwa juu ya mawe meusi yaliyowahi kumiminika kama uji kutoka mlimani hadi baharini, kisha yakaganda na mikunjo yake. Nilitembea kifua mbele. Nani kwetu alikuwa amekanyaga moto uliolala?

Saa sita hapakuwa na kivuli. Mawe yalichoma kupitia ndala zetu za ngozi, na Bakari alikuwa ameacha utani. Tulipofika kwenye kijipande cha mchanga nilipiga magoti nikachimba kwa mikono. Kabla kiwiko hakijazama, maji yakatokea, meupe, mazuri.

"Umeona?" nilimwambia.

Kwetu mchimbaji hunywa mwisho, mgeni kwanza. Kwa hiyo sikuonja. Nilimkingia Bakari viganja viwili, naye kwa kiu aliyagida yote kabla ulimi haujamwambia kuwa ni chumvi. Alitapika hadi akalala chini.

Nilimwaga kapu la mawe. Nilibakiza moja, la baba, nikalifunga kwenye nguo, nikambeba Bakari mgongoni. Nilianguka mara mbili. Magoti yangu yana alama hadi leo. Sikumwacha. Hilo najivunia, na nitaendelea kujivunia.

Alasiri tuliingia kijijini. Wanawake walimnywesha Bakari kidogo kidogo. Mzee mmoja akaniuliza, "Mmepitaje njia ile bila maji?"

Kabla sijafungua mdomo, Bakari alisema kwa sauti ya mgonjwa, "Kibuyu kilipasuka, baba."

Nami nikanyamaza.

Maji yalipokupwa jioni, mzee yule alituonyesha mahali pao pa kuchimba, katikati ya mawe meusi, ambapo maji matamu hutoka chini ya mlima. Kumbe ningeuliza tu.

Tuliporudi Dodoma, baba alilipima jiwe mkononi, jepesi, lenye vitundu kama mkate. "Kweli limeungua," alisema, akacheka. Bakari akasimama mbele ya wazee, akawaamkia kwa Kigogo: "Mbukwa, wazee wangu. Huyu mtoto wenu alinibeba mgongoni." Baba alichinja beberu. Nilikula, nikasifiwa, nikanyamaza tena.

Bakari ametangulia. Siku ya maziko yake Kondoa watoto wake walinishika mikono wakaniita baba, kwa kuwa nilimwokoa baba yao. Hapo pia nilinyamaza, na hiyo ndiyo mara inayoniuma kuliko zote.

Nilichojifunza Ngazija ni kwamba nchi ya watu ina maji yake na wenyewe wanayajua, anayefika aulize. Kingine nimekijifunza nikiwa mzee, nacho nawaandikia ninyi, watoto wa Bakari. Nilimbeba baba yenu, ni kweli. Ila kibuyu hakikupasuka. Kilibaki kizima, kimejaa, mlangoni kwa yule bibi, pale nilipokiweka mimi.