Doa Jekundu Alipokaa Bi Zuhura

Jamani, hili nalisimulia kwa shida, maana mpaka leo nikilikumbuka uso unawaka na natamani nijifukie mchangani.

Shemeji yangu Saidi, mume wa dada, alikuwa anakodisha pikipiki za matairi manne ufukweni Kigamboni, na majirani walishachoka na kelele, hasa Bi Zuhura mwenye duka, basi mwenyekiti wa mtaa akasema anakuja Jumamosi na asipoona dawa anazifunga zote. Dada ni mjamzito, kazi nyingine hawana. Mie mjuaji nikajitolea kuleta ubao wangu wa maikrofoni, ule wenye kamera katikati, unaoonyesha kwenye skrini picha ya walio mbele yake na doa jekundu pale kelele inapotokea, ili tujue pa kuziba.

Sasa Jumamosi hiyo niliufumua ili uingie kwenye bajaji, na nikawa nauunga upya haraka haraka, mwenyekiti na majirani wameshakaa. Kawaida ukimaliza unaupima: unasimama upande mmoja, unapiga makofi, unaangalia doa limekufuata au la. Lakini nyie, nitapigaje makofi peke yangu mbele ya watu wazima waliotulia kama wako msibani? (Roho iliniambia kabisa nipime, nikaipuuza.) Nikatoa shikamoo zangu, nikaunganisha kompyuta na TV kubwa ya pale.

Pikipiki ikanguruma. Ekzosi, lile bomba la moshi, iko kulia, doa likaenda kushoto, likatua kwa Bi Zuhura, tena pale pale alipokalia, na Saidi akiongeza mafuta nalo linanenepa. Nyaya za kulia nilikuwa nimezichomeka kushoto!

Watu wakaanza kujikohoza.

"Yaani mie, kwa umri huu, kelele zinatokea hapo?" akang'aka Bi Zuhura.

Badala ya kuomba radhi nikajisikia nasema, "Bibi, mashine haidanganyi." Saidi akafumba macho.

Mwenyekiti akainuka. "Zima, kijana. Saidi, hizi zisiwashwe tena mpaka niseme mimi."

Jioni nilimfuata Bi Zuhura dukani, nikapiga magoti. "Nimeshakusamehe, mwanangu," akasema, "ila kwa mwenyekiti siendi kukuombea."

Naapa siwashi tena mashine ambayo sijaipima, hata akae nani mbele yangu. Kelele nilizipunguza kweli: pikipiki zimefunikwa turubai, ufukwe kimya. Dada akinipigia simu, pikipiki hazitaji kabisa, ananiuliza tu kama nimekula.