Nani Atanirushia Dadu

“Ukianguka, nani atakurushia dadu?”

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mwalimu wa hesabu, Jumapili moja baada ya kanisa, sebuleni kwake nyuma ya maduka ya saruji na mabati, Kitengela. Mbele yangu kulikuwa na karatasi ya kujaza: jina la mhusika wangu, nguvu zake, akili yake, silaha yake, uhai wake. Swali hilo lilikuwa mstari wa mwisho, nao peke yake ulikuwa umeandikwa kwa kalamu. Mengine yote yalikuwa ya fotokopi.

“Nitajirushia mwenyewe,” nikasema.

“Aliyeanguka hashiki dadu. Amezimia.”

“Aliyezimia ni mhusika. Mimi niko tu hapa na kikombe cha chai.”

Mwalimu hakucheka. Nikamuuliza kama kitabu cha mchezo kinasema hivyo.

“Kwetu ni hivyo,” akajibu.

“Huyu mumpeleke kortini akabishane huko,” akasema mwanamume aliyeketi kando yangu, na tangu siku hiyo wakaniita Wakili. Mstari ule niliuacha wazi.

Tulikuwa wanne. Mwalimu ndiye aliyesimulia: yeye alituambia pango liko wapi, mlinzi wa lango amekunywa au hajanywa, na ni kitu gani kinapumua gizani. Sisi watatu tulisema wahusika wetu wanafanya nini, na pale ambapo hakuna aliyejua kitakachotokea, dadu ndiyo iliyoamua. Ramani tulichora nyuma ya kalenda za zamani. Vifuniko vya soda vilikuwa sisi, maharagwe yalikuwa maadui. Kulikuwa na muuguzi wa zahanati moja pale mjini, ambaye sote tulimwita Sista, naye alicheza shujaa mwenye shoka. “Wiki nzima naponya watu,” alisema. “Jumapili nataka kuua.” Yule aliyeniita Wakili alikuwa mfugaji na mchuuzi wa mbuzi kutoka Kajiado. Tulimwita Bwana Mbuzi, na mhusika wake alikuwa mwizi, jambo ambalo Sista alisema halihitaji kuigiza.

Mimi nilikuwa mchawi msomi asiyeamini miungu. Katika ulimwengu wa Mwalimu miungu ilijibu watu kwa sauti, lakini mchawi wangu alisema huenda ni mwangwi.

Sheria ya kuanguka ilikuwa hivi. Uhai wako ukifika sufuri, unaondoka kitini, unalala mkekani, unafunga mdomo. Kila zamu yako inapofika, yule uliyemwandika kwenye mstari wa mwisho anakurushia dadu ya pande ishirini. Kumi au zaidi, unaamka ukiwa na uhai mmoja. Chini ya kumi, unapata alama. Alama tatu, umekufa, na Mwalimu anachana karatasi yako mbele ya wote. Niliwahi kumwona Bwana Mbuzi akichaniwa yake. Alicheka wakati ule, lakini alikaa Jumapili mbili bila kuja.

Lazima niseme kwa nini karatasi ile ilikuwa na uzito. Nilikuwa nimemaliza chuo, lakini chuo kilikuwa hakijanimaliza. Alama za somo moja la mwaka wa mwisho zilikuwa zimepotea. Mtihani niliufanya, daftari la mahudhurio lilikuwa na sahihi yangu, ila penye alama palikuwa na kistari tu. Bila alama ile hakuna mahafali. Dada yangu mkubwa, aliyenilipia karo na ambaye nilikuwa nikiishi kwake, nilimwambia orodha ya wahitimu haijatoka. Kila jioni aliniuliza, na kila jioni nikasema bado. Niliandika barua pepe tatu, nikajibiwa moja: subiri. Kwa hiyo nikasubiri, mwezi baada ya mwezi, na katika muda huo wote kitu changu pekee kilichosonga mbele kilikuwa yule mchawi. Alianza bila chochote ila fimbo na kiburi. Kufikia mwezi wa kumi alijua lugha nne na aliweza kuwasha moto juu ya maji. Niliijua karatasi yake hata pale ilipochafuka kwa mafuta ya mandazi. Ikichanwa, sikuona kama ningekuwa na kingine cha kuonyesha kwa mwaka ule.

Halafu ukame ukazidi, na Bwana Mbuzi akaacha kuja Kitengela.

“Siwezi kuwaacha ng’ombe,” alisema kwenye simu. “Wanaanguka.”

Mwalimu akafunga dadu kwenye mkebe wake wa vifaa vya hesabu, tukaenda kwake sisi watatu, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Upepo ulikuwa umechukua kila kitu chepesi. Uzio wake ulijaa karatasi za nailoni na manyoya ya kuku. Mama yake alitupokea kwa salamu ya Kimaasai, “Supa,” tukajibu “Ipa” vizuri kiasi, kisha akaendelea na Kimaa chote na sisi tukabaki kutabasamu.

Kabla hatujaketi, Bwana Mbuzi akatuita nyuma ya boma. Ng’ombe jike alikuwa amelala ubavu kwenye vumbi, mbavu zote zikihesabika, jicho moja likitutazama.

“Mnishikie,” akasema.

“Kwa nini msimwache apumzike?” nikauliza.

“Wakili, ng’ombe hapumziki hivyo. Akilala sana miguu inakufa kabla yake. Shika hapo begani.”

Akapitisha gunia chini ya tumbo, yeye upande mmoja na Mwalimu upande wa pili. Sista alishika mkia. Mimi nilisukuma bega na kuhisi mfupa ukisogea chini ya ngozi kama mpini ndani ya mfuko. Mara ya kwanza hakuinuka. Mara ya pili aliinuka nusu, akatuangukia, Mwalimu akapoteza kiatu. Mara ya tatu alisimama, akatetemeka, akasimama tu. Mama akaleta maji kwenye karai.

“Huyu ana miaka mingapi?” Sista akauliza.

“Sijui. Si wangu.”

“Ni wa nani?”

“Sijui. Tangu juzi yuko hapa. Labda alikuwa anapelekwa malishoni akashindwa.” Akapangusa mikono. “Hatujauliza bado. Tumeinua kwanza.”

Nikataka kuuliza: na akifa, mwenyewe akija kusema mlimuua? Lakini nilikuwa nahema.

Tukacheza kwenye kivuli cha tangi la maji, tangi lenyewe tupu, likilia kila upepo ulipolipiga. Wahusika wetu walikuwa wamefika kwenye daraja la mawe, na chini ya daraja kulikuwa na zimwi. Nilikuwa na mpango. Nilisema mchawi wangu anatembea peke yake hadi katikati ya daraja, aongee na zimwi, maana zimwi pia lazima liwe na sababu zake.

“Peke yako?” Mwalimu akauliza.

“Peke yangu.”

“Si ungoje shoka?” akasema Sista.

“Shoka litaharibu mazungumzo.”

Zimwi halikuwa na sababu zozote. Mwalimu akarusha dadu, akahesabu, akanitazama kwa huruma kidogo. Uhai kumi na tisa ukawa sufuri kwa pigo moja. Nikaondoka kwenye kigoda, nikalala juu ya ngozi ya ng’ombe iliyokuwa imetandikwa pale badala ya mkeka, nikafunga mdomo.

Ukiwa chini unasikia kila kitu. Nilisikia Sista akikimbilia darajani na shoka. Nilisikia Bwana Mbuzi akijificha, kama kawaida yake. Kisha zamu yangu ikafika.

“Nani anamrushia?” Mwalimu akauliza. Nikasikia karatasi yangu ikiinuliwa. “Hakuna mtu hapa.”

“Nitamrushia mimi,” akasema Bwana Mbuzi.

“Hukuandikwa.”

“Na yule ng’ombe aliniandika?”

Tangi likalia.

“Mwalimu, mambo mengine unawafanyia watoto wa shule,” akaendelea Bwana Mbuzi. “Sisi ni watu wazima.”

“Alijua sheria. Miezi kumi nimemwambia ajaze. Alama moja.” Nikasikia penseli. Halafu kivuli chake kikanifunika, na penseli ile ile na karatasi vikawekwa kando ya mkono wangu. “Hawezi kuongea. Kuandika anaweza.”

Mapigano yakazunguka mara nyingine. Shoka likakosa. Mimi nilikuwa nikiitazama penseli. Ilikuwa jambo dogo sana, neno moja, na nilijua ni dogo, na bado mkono ulikataa. Niliona kwamba nikimwandika mmoja, nitakuwa nimekubali kwamba nilimhitaji tangu mwanzo, na kwamba zile barua pepe tatu nilizoandika peke yangu, mlango umefungwa, zilikuwa njia ya kutomwomba mtu yeyote kitu chochote. Zamu yangu ilipokaribia nikaandika haraka.

Mwalimu akainama, akasoma. “Yeyote.”

“Si ndio hivyo?” akasema Bwana Mbuzi. “Amesema yeyote.”

“Yeyote si mtu. Nikimwita Yeyote, nani ataitika?” Penseli tena. “Alama mbili.”

Nilimchukia kwa muda mfupi, kwa sababu ile ilikuwa hoja nzuri, na ningeitumia mimi.

Zimwi likampiga Sista. Hakuanguka. Nikafuta Yeyote kwa kidole kilicholoweshwa mate hadi karatasi ikakaribia kutoboka, nikaandika Sista.

Mwalimu akasoma, akampa dadu.

Sista alirusha kama alivyofanya mambo yote, kwa nguvu kupita kiasi. Dadu ikagonga mkebe, ikaruka ukingo wa meza, ikaangukia vumbini na kubingirika hadi karibu na pua yangu. Ikasimama. Nne. Niliiona mimi kwanza, na sikuruhusiwa kuongea.

“Iliyoanguka chini haihesabiwi,” Sista akasema papo hapo.

“Nani kasema?”

“Wakili mwenyewe. Mwezi wa tano, ile siku dadu yako iliingia chini ya kochi. Alibishana mpaka chai ikapoa.”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimedai kwamba sakafu si meza, na kwamba matokeo yanayotoka nje ya mahali tulipokubaliana si matokeo. Mwalimu alikuwa ameandika sheria ile nyuma ya kitabu chake cha fotokopi kwa mkono wake mwenyewe. Sista akainama kuokota dadu. Uso wake ulikuja karibu na wangu. Akaifunika kwa kiganja kabla ya kuiinua, na mpaka leo sijui kama aliitazama.

Akarusha tena, safari hii taratibu, kama mtu anayeweka yai.

“Kumi na mbili,” akasema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi. “Amka.”

Niliamka na vumbi shavuni na uhai mmoja. Sikuongea na zimwi tena. Nilijificha nyuma ya Bwana Mbuzi, ambaye naye alikuwa amejificha, na Sista akamaliza kazi.

Baadaye mimi na Sista tulikuwa tukisuuza vikombe, maji kidogo sana, mimi namimina na yeye anapangusa.

“Kwa nini uliniandika mimi?”

“Ulikuwa karibu.”

“Mwalimu ndiye alikuwa karibu. Sema vizuri.”

Nikamwambia. Si kuhusu mchezo. Nilimwambia kuhusu kistari penye alama, na dada yangu, na bado bado za kila jioni. Alisikiliza hadi vikombe vikaisha. Kisha akauliza swali moja tu: kama niliwahi kwenda pale idarani nikasimama mbele ya mtu. Nikasema niliandika.

“Wewe na kuandika. Jumanne niko off. Tunaenda.”

Tulienda Jumanne, akiwa na sare zake za kazi, maana alisema watu huheshimu sare hata wasipojua ni za nini. Hatukupata alama siku hiyo. Tulipata karani aliyefungua kabati, akatuambia turudi, tukarudi. Mara ya tatu nilikwenda na dada yangu, baada ya kumwambia ukweli jikoni kwake. Alikasirika kwa siku mbili kuhusu uongo, na hata kidogo hakukasirikia alama. Karatasi yangu ya mtihani ilikuwa ndani ya bahasha ya darasa jingine. Mvua ilikuwa imeanza nilipopata barua ya mahafali. Yule ng’ombe, Bwana Mbuzi aliniambia, mwenyewe alikuja kumchukua, naye akaondoka akitembea kwa miguu yake.

Miaka imepita. Nafanya kazi Nairobi sasa, na mwaka jana wenzangu wawili kazini walinialika kwenye meza yao, mchezo uleule. Mhusika wangu akaanguka jioni ya kwanza. Nikaondoka kitini, nikalala kwenye zulia, nikafunga mdomo. Wote wakanitazama.

“Unaumwa?” mmoja akauliza.

Nikaeleza. Wakacheka, lakini kwa upole, wakanifungulia kitabu kizima, chenye jalada. Aliyeanguka hujirushia dadu mwenyewe. Halali mkekani, haandiki mtu, na hata wenzake wakiwa kando yake, dadu ni yake.

Nilirudi Kitengela Jumapili iliyofuata kumshtaki Mwalimu. Nilifungua fotokopi yake mbele yake nikamwonyesha: ukurasa wa sitini na mbili, kisha wa sitini na tano. Nikamwambia mashine ilimeza karatasi moja, na kwamba sote tumecheza kwa kosa la fotokopi muda wote ule.

Hakubisha. Akafungua mkebe wake wa vifaa vya hesabu, akainua bikari na rula, na chini yake ilikuwepo karatasi iliyokosekana, safi, imekunjwa mara nne.