Kayaki ya Mtu Mmoja

Mimi ni mfupi na mwepesi, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Hapa Bangwe watoto wa darasa la saba wananipita kimo. Kazini haikunisumbua, maana fundi cherehani anakaa kutwa nzima na hakuna anayemuuliza urefu. Ilinisumbua mara moja tu, nilipohitaji chombo cha kwenda nacho ziwani peke yangu.

Nilikihitaji kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume. Alikuwa mvuvi wa dagaa. Upepo wa kusini ulipindua boti yao alfajiri, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Mmoja wa waliopona alituambia kwamba mara ya mwisho alimwona ameng'ang'ania dumu tupu, maji yakimpeleka kwenye majabali ya nyuma ya rasi. Mwalo mzima, wavuvi wote wa ufukwe wetu, uliacha kazi kumtafuta, kwa kuwa kwetu nyavu haziingii majini wakati mwenzenu bado yumo. Kisha mafuta yakaisha, na watoto wa wale wavuvi nao wanataka kula. Kwa hilo siwalaumu. Kilichoniudhi ni yale maneno waliyomwachia mama walipokuwa wanarudi kazini, kwamba asubiri tu, ziwa litamtoa lenyewe.

Mama akasubiri. Alikaa mchangani chini ya turubai, sanda ameipakata. Sanda ile niliikata mimi, na sikuhitaji kipimo, kwa sababu nguo zote za mdogo wangu tangu aanze shule nilimshonea mimi. Sheikh alikuja kutueleza kwamba aliyepotelea majini anaweza kuswaliwa hata kama mwili haupo, tukaanua matanga na watu wakatawanyika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, sheikh," alisema. "Nitaingia ndani nikishamwona mwanangu."

Hakuingia ndani. Alilala palepale, chakula alikionja tu ili tumwache, na kila asubuhi niliona jinsi gauni lilivyozidi kumpwaya. Fundi hakosei mambo ya namna hiyo. Nilijua kwamba tukiendelea kusubiri, mama naye ataondoka.

Yale majabali hayafikiki kwa miguu, maana juu yake ni genge tupu. Boti za mbao nazo haziingii. Kati ya jiwe na jiwe kuna vichochoro vya maji, na wimbi likiingia humo linaibamiza boti kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Wavuvi walikuwa wamepita nje yake, wakaita, wakachungulia, wakageuza. Mtu alipaswa kuingia. Nilijaribu mtumbwi wa baba mdogo, na sikuweza hata kuuburuta hadi majini. Aliponisukumia, upepo uliugeuza na kunirudisha ufukweni nikiwa nimeukumbatia kama mgonjwa.

Ndipo nikakumbuka ile nyumba ya wageni iliyofungwa. Mlinzi wake ni mume wa mteja wangu, na stoo yake ilikuwa na kayaki tatu za plastiki ambazo wageni walikuwa wakichezea enzi zile walipokuwa wanakuja. Tukaelewana kwamba nichukue moja, na cherehani yangu ya pili iende kwa mkewe. Baba mdogo alinisindikiza. Yeye amezeeka na maji, na alikuwa na uhakika kwamba bila yeye ningeuziwa beseni.

Ya kwanza ilikuwa ya watu wawili, pana na nzito. Baba mdogo aliigonga ubavuni akafurahi.

"Hiki ndicho chombo," alisema.

Nilipokaa ndani, kingo zilinifika karibu na makwapa. Kila nilipoinua kasia, kiwiko kiligonga plastiki. Nikajaribu kuisogeza peke yangu kutoka ukutani, haikusogea. Ya pili ilikuwa ndefu na nyembamba, nzuri ya kutazama. Tuliishusha majini, na kabla sijakaa sawasawa ilikuwa imeshanimwaga. Mlinzi alisema ukiizoea inakwenda kasi sana. Nilimwambia kwamba ninakokwenda hakuna anayenikimbia.

Ya tatu ilikuwa imesukumwa pembeni, fupi, rangi yake ya njano imepauka kwa jua. Kingo zake zilikuwa chini na kitako chake kilikuwa bapa kidogo, kwa hiyo ilitikisika bila kupinduka. Nilitoa tepu yangu nikapima upana wa kiti, nikajipima na mimi. Magoti yaligusa juu kwa ndani, nyayo zikafika kwenye vikanyagio, na mikono ilipita pande zote bila kugonga kitu. Nguo ikikubana kwapani au ikikupwaya, mkono haufanyi kazi, na chombo nacho ni hivyo hivyo. Mbele na nyuma ilikuwa na vyumba vyenye mifuniko, vya kushika hewa hata ikijaa maji. Nikachukua na kasia fupi kuliko yote, nikajitwika kayaki begani, nikatembea nayo mwenyewe hadi ufukweni.

Baba mdogo aliizunguka.

"Itabeba nini hii?"

"Itanibeba mimi."

"Haya. Na wakati wa kurudi?"

Ziwani kwetu chombo huchaguliwa kwa mzigo. Mtu akinunua boti, hakuna anayeuliza inakwendaje, wanauliza inachukua magunia mangapi ya dagaa. Nilidhani ananiuliza swali hilohilo la magunia, nikamjibu vibaya.

Nilijifunza asubuhi, maji yakiwa yametulia, palepale mbele ya mama. Nilijipindua kwa makusudi mpaka nikazoea kuchomoka na kuimwaga maji. Vijana wa mwaloni walicheka. Mama hakucheka, wala hakunikataza. Alichosema ni kimoja tu, nilipotoka majini nikitetemeka.

"Mwana wanje, mwanangu, usiende mbali na miamba."

Tatizo lililobaki lilikuwa upepo. Nilikuwa mwepesi mno hata kwa chombo kile kidogo. Kilielea juu sana, na upepo ukianza kilizunguka kitakavyo. Hapo ndipo baba mdogo aliponisaidia, na sitamnyima haki yake. Alileta mawe mawili, akayafunga katika viroba ili yasibingirike, akaliweka moja chumba cha mbele na jingine cha nyuma. Kayaki ikakaa ndani ya maji na kutii. Wavuvi hufanya hivyo na mitumbwi wanaporudi bila samaki.

Basi nikawa nakwenda kila asubuhi kabla upepo haujaamka. Niliingia kichochoro kimoja baada ya kingine, nikisukuma jiwe kwa ncha ya kasia, nikiangalia chini ambako maji ni meupe kiasi kwamba unaona kivuli chako mchangani. Nilikuta chandarua kilichochanika, nikakuta dumu. Sikumwambia mama habari za dumu.

Nilimkuta ndani kabisa, pale kichochoro kinapofungwa na mawe mawili, amelala kifudifudi kwenye maji ya magotini. Sitaeleza alivyokuwa. Nilimtambua kwa pindo la shati, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa uzi mweusi nikamalizia na wa bluu, na alinitania sana kwa hilo. Nikashuka majini nikamshika mkono. Nilikaa naye muda mrefu, nikimsema, maana nilikuwa na hasira naye kwa kutuweka hivi.

Kisha nikatazama kayaki, na ndipo nikaelewa nilichokuwa nimeulizwa.

Hapakuwa na mahali pa kumweka. Nilikuwa nimeichagua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Ile pana isingepita kwenye mawe, na hii iliyopita haikuweza kumchukua. Mpaka leo nalifikiria jambo hilo nikiwa kwenye cherehani, na sioni ningechagua nini kingine. Wala sikuthubutu kumwacha niende kuita watu. Ziwa lilikuwa limeshamchukua mara moja.

Nilifungua kanga yangu nikampitishia chini ya makwapa, nikaifunga kwenye kamba ya nyuma ya kayaki. Nikatoa mawe yote mawili nikayatupa, maana nilikuwa na uzito wa kutosha. Nikaanza kuvuta. Kila kasia lilinipa kipande kidogo cha maji, na wimbi likakichukua nusu. Tulipofika kwenye rasi upepo ulikuwa umeanza, lakini kayaki haikuyumba hata kidogo. Yeye ndiye aliyeishika.

Baba mdogo alituona akiwa na boti ya injini. Yeye na wenzake walimwinua kwa adabu, wakamlaza juu ya nyavu, wakamfunika. Hakuna aliyesema kwamba nilionywa. Baba mdogo akaninyooshea mkono.

"Panda, mwanangu. Hicho tutakivuta."

Nilikataa. Nilitaka nimfikishe nyumbani mwenyewe, hata kama ni kwa kufuata nyuma. Wakatangulia polepole, kisha wimbi likawalazimisha waongeze mwendo, na mimi nikabaki.

Mawe sikuwa nayo tena, na yeye sikuwa naye. Kayaki ilipanda juu ya maji, nyepesi kama nilivyoitaka siku ile ya tepu, na upepo ukawa unaigeuza huku na huku. Nilipiga kasia nikilia kwa sauti. Kwa mbali niliona boti inagusa mchanga, watu wanakusanyika, kitu cheupe kinakunjuliwa.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipofika. Niliburuta kayaki hadi kwenye turubai. Chini yake kulikuwa na mkeka tu, na alama za miguu zikielekea nyumbani. Mama alikuwa ameingia ndani.