Veni ya Mkate Iliyozunguka Mlima

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye yadi moja ya magari pale Sagana, mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu, tukitafuta gari la familia la kusafiria na kulala. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, wa kuvaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, naye alitufungulia milango na makabati ya gari moja jeupe kana kwamba anatuonyesha nyumba ya kupanga. Hapa friji. Hapa jiko la gesi. Meza hii ukiikunja inakuwa kitanda. Wanangu walishaanza kugombania nani atalala juu, na mume wangu alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Ndipo mama akavua viatu, akanikabidhi, akasema, "Nishikie hizi." Akaanza kupanda.

Rafiki yangu, nilisimama pale na viatu vya mama mkononi, na moyo ukanidunda kama wa mtoto aliyesikia kesho ni safari. Maana niliwahi kuona viatu vikivuliwa mlangoni mwa gari mara moja tu maishani, nikiwa darasa la nne, na siku hiyo ndiyo iliyotupa Krismasi tamu kuliko zote.

Kwetu ni Wamagana, kule Nyeri. Kama umepita huko asubuhi ya mwezi wa saba unajua ile baridi ya ukungu, majani ya chai yakidondosha maji, na moshi wa jikoni usiotaka kupanda juu. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kumpelekea nyanya uji. Nyanya, mama yake baba, alikuwa na nyumba yake ndogo ya mbao karibu na boma la ng'ombe, na mlango wake ulitazama mlima. Kila asubuhi nilimkuta kwenye kigoda, macho kwenye vilele kama vipo wazi, au mahali vinapopaswa kuwa kama vimefunikwa. Alikishika kikombe kwa viganja viwili na kuniuliza kama mlima umeamka.

Nyuma ya mlima huo, upande wa Chuka, aliolewa dada yake mdogo. Hawakuwa wameonana tangu baba yangu akiwa kijana. Mwaka ule ikaja habari kupitia mtu wa kanisa kwamba macho ya yule dada yanaisha, na kwamba anaomba aone uso wa nyanya kabla giza halijafika. Nyanya alilia siku ile, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akilia bila kujificha.

Ungesema, si aende tu. Tatizo lilikuwa mgongo. Nyanya hangeweza kuketi kwenye kiti cha gari linalotikisika. Alikuwa amejaribu mara moja, na kufika Karatina akashushwa jasho likimtoka, akarudishwa nyumbani akiwa amelazwa kifudifudi kwenye pikapu ya jirani, juu ya majani ya ng'ombe. Tangu hapo alisema maneno yaliyobaki kuwa msemo wa nyumba yetu: "Mimi si viazi."

Bahati nzuri baba, aliyekuwa na biashara ya mbao mjini Nyeri, alikuwa akitafuta gari jingine. Alitangaza mezani kwamba atanunua gari la familia, la kutembea, na kwamba mwezi wa kumi na mbili tutamzungusha nyanya mlima mzima. Sikulala vizuri wiki hiyo. Shuleni niliwaambia wote, hata mwalimu, naye akanichorea mlima ubaoni na miji yake kuuzunguka, na kuanzia hapo nikawa naikariri kama wimbo: Karatina, Sagana, Kutus, Embu, Chuka, Meru, Nanyuki, nyumbani.

Jumamosi moja tukaenda wote kwenye yadi ya magari kuchagua, nyanya akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu yetu, akilalamika njia nzima. Baba alikuwa na chaguo lake tayari moyoni: gari refu la buluu, la buti kubwa na viti vya kung'aa, kama la jirani yetu aliyefanya kazi benki. Alilipiga teke kwenye magurudumu, akafungua boneti, akasikiliza injini huku ameinamisha kichwa kama daktari. Mama alipenda kwamba lina redio. Mimi nilishajichagulia kiti cha dirishani. Lakini nyanya alilizunguka taratibu na fimbo yake, akalitazama kwa nyuma, kisha akauliza swali ambalo kwetu huulizwa sokoni mtu akinunua ng'ombe.

"Mwenyewe anauza kwa nini?"

Muuzaji akacheka, akamwita nyanya kwa lugha yetu. "Cucu, gari hainyonyeshi. Watu huuza tu."

"Hata ng'ombe ya kupiga teke huuzwa hivyo hivyo," nyanya akasema, akaendelea mbele.

Baba alimfuata akimweleza jinsi kiti cha nyuma kinavyoweza kulazwa. Nyanya hakusikia. Alikuwa amesimama kwenye kona ya yadi, mbele ya veni kuukuu ya rangi ya maziwa, iliyokuwa ikisambaza mkate. Haikuwa na viti nyuma, wala redio. Dirisha lake lilikuwa moja tu, upande wa kushoto, pale mikate ilipokuwa ikitolewa kwa wenye maduka. Nilichungulia, nikapigwa na harufu ya mkate uliotoka tu kuokwa, ingawa mle ndani hamkuwa hata na chembe.

Nyanya akavua viatu. Mama akavipokea. Baba na muuzaji wakamnyanyua, akalala chali juu ya godoro lake lililohamishiwa humo, akatuambia, "Funga mlango."

"Mama, hii ni gari ya mkate," baba akasema.

"Na mimi nimesema ni ya nini? Funga."

Tukafunga. Tukangoja. Muuzaji alimwonyesha baba gari la buluu tena, akawasha redio, akamwonyesha lingine. Baadaye mama akaweka sikio mlangoni, akatugeukia na uso ambao siusahau, nusu kicheko nusu machozi. "Anakoroma," akasema. Nyanya, ambaye hata kitandani kwake mgongo haukumpa usingizi wa mchana, alikuwa amelala fofofo. Baba alilitazama gari la buluu kwa muda, kama mtu anayeaga, akaingiza mkono mfukoni.

Alipoamka, nyanya alijitemea mate kifuani kidogo kidogo, kama wazee wetu wanavyobariki, akaibariki ile veni mbele ya watu wote wa yadi.

Lakini vita havikuisha. Baba alitaka tuanzie Nanyuki, barabara ilikuwa nzuri zaidi. Nyanya akamwuliza dirisha liko upande gani. Baba akapiga hesabu hewani na vidole, akaona mwenyewe: tukianzia Nanyuki, dirisha litatazama mashamba ya watu safari nzima. Tukianzia Karatina, mlima utakuwa kushoto mpaka turudi nyumbani. "Nimeutazama miaka yote nikiwa nimekaa," nyanya akasema. "Sasa nataka kuutazama nikiwa nimelala."

Basi, siku chache kabla ya Krismasi, tukaondoka asubuhi ya baridi kali, nyanya kwenye godoro, mimi kando yake kwenye gunia la viazi, mama akiwa amefunga mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa, kwa majani ya ndizi, na kubeba chupa tatu za chai. Kulikuwa na jiko la makaa, sufuria, nduma zilizochemshwa, na jogoo hai wa kumpelekea dada, maana hatuendi kwa watu mikono mitupu. Jogoo aliwika kila tulipopunguza mwendo. Sagana tulinunua mahindi ya kuchoma, na Kutus upepo ukaleta joto na harufu ya mchele, nami nikavua sweta kwa furaha ya kuvua sweta tu. Nyanya hakuondoa macho dirishani. Tulipopita Embu akaanza kuwa na wasiwasi. Vilele vilikuwa vimebadilishana nafasi.

"Simamisha," akamwambia baba. "Tumepotea. Huu si mlima wetu."

Tulisimama kando ya barabara, baba akamweleza, mama akamweleza, mimi nikamwimbia miji yangu. Hakukubali mpaka tulipofika Chuka.

Dada yake alikuwa amekaa nje, uso ameuelekeza barabarani. Veni iliposimama alikuja akipapasa, akafika mlangoni, akamshika nyanya mashavu na kumsogeza karibu sana, pua kwa pua. Macho yake yalikuwa na utando, lakini alitazama muda mrefu. "Ni wewe," akasema. "Umezeeka vibaya." Nyanya akacheka mpaka akakohoa. Kisha yule dada akavua viatu vyake pia, akapanda, akalala kando yake, kama walivyolala kwa mama yao wakiwa wasichana. Wakaomba tufunge mlango. Sisi na watu wa boma lile tulikaa nje, chakula kikipoa, tukiwasikiliza wakibishana ndani. Nyanya alisema wenzake wa Chuka wanaishi nyuma ya mlima. Dada yake, aliyeona ukungu mtupu, alimjibu kwamba Mungu aliuweka mlima uso wake ukitazama jua linapotoka, na kwamba watu wa Nyeri wameoneshwa kisogo maisha yao yote.

Mwaka uliofuata yule dada hakuona tena kitu. Lakini alikuwa ameshaona.

Wote wawili wamekwenda. Veni ilichakaa kwa kubeba magogo ya baba, ikauzwa vipande vipande, na nyumba ya mbao ya nyanya imekuwa stoo ya majani ya ng'ombe. Siku hizi naenda Meru kwa siku moja na kurudi, nikitazama simu, na mara nyingi sikumbuki kama mlima ulikuwa wazi. Naumia nikifikiri hivyo. Naye mama, aliyeshika viatu siku ile, ana mgongo unaomfungia nyumbani tangu mwaka jana. Hata kanisani haendi. Ndiyo maana tulikuwa Sagana.

Mama alikuwa ameshalala chali kwenye kitanda cha lile gari jeupe, akiangalia kushoto, kisha kulia.

"Hii iko na madirisha kila mahali," akasema. "Sasa cucu yenu angetupitisha njia gani?"

Wanangu walicheka bila kujua wanachocheka. Mama akafumba macho, akaniambia nifunge mlango, nikafunga. Muuzaji alivua miwani, akauliza kama atuonyeshe zile nyingine.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, nikaweka sikio mlangoni, viatu bado mkononi.